Feni ya Mama Dorotea

Mwaka 1984 nilikuwa nesi wa zahanati kule Buhemba, na surua ilikuwa imeingia kwenye machimbo ya dhahabu ya hapo. Tulikuwa tumekwisha kuzika watoto wanne. Asubuhi moja nikapewa Musoma mjini kasha la chanjo lililopangwa barafu, nikaambiwa mambo mawili: barafu itahimili hadi jioni, na chanjo nyingine haijulikani itafika lini. Nikalipakata kasha langu ndani ya Landrova, nikamwambia dereva wetu Machage tuondoke.

Hatukufika hata Buhare, pembezoni mwa mji. Chini ya boneti ilianza kelele, kra-kra-kra, na kila Machage alipokanyaga mafuta nayo ilizidi. Akasimamisha gari, akasema ni mkanda wa feni umekauka, akaomba sabuni ausugue. Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu kuliko petroli, na kipande nilichokuwa nacho kilikuwa cha kunawia mikono kabla ya kuchoma sindano. Nilimpa huku nanung'unika. Alisugua mpaka ikabaki nusu, tukawasha, kelele ikaendelea vilevile.

"Taratibu, sista," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Nilimjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu asiyebeba barafu.

Tukarudi mjini polepole, mtaa wa Kamunyonge, kwa fundi Magesa. Alisikiliza, akazima injini, akauvua mkanda wote, akawasha tena. Kelele haikuwepo.

"Basi injini haina kosa," akasema. "Ni feni au ni pampu ya maji."

Akazima upesi kabla injini haijapata moto. Akaishika feni kwa mikono miwili, akaitikisa mbele na nyuma. Haikucheza, kwa hiyo pampu inayoishika ilikuwa nzima. Kisha akachukua kitambaa chenye petroli, akaanza kufuta mapanga ya feni moja moja, bila haraka yoyote, nami nimesimama nyuma yake natamani kumkaba. Kwenye panga la tatu akaniita. Shinani pake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Feni ikizunguka, panga lile lilikuwa linayumba na kugonga kava ya rejeta.

"Likikatika hili linatoboa rejeta," akasema. "Mnalala porini."

Gesi ya kuchomelea ilikuwa haijafika mjini tangu Pasaka. Duka la vipuri lilikuwa na muuzaji na kalenda tu.

"Feni iko moja hapa Kamunyonge," Magesa akasema. "Iko kwa Marieta, Mama Dorotea. Landrova ya marehemu mume wake iko uani juu ya mawe, huu mwaka wa tatu. Lakini yule mama hajampa mtu hata nati. Mimi mwenyewe nimeombaga mara mbili, akanifukuza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaenda.

Nilimkuta Marieta anachambua dagaa, na nyuma yake gari limefunikwa magunia yaliyoshonwa vizuri. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu yote, hata ya wale wanne tuliowazika. Hakuinua macho.

"Watu wanakujaga hapa, sista. Huyu anataka taa, huyu anataka kioo. Hili gari ndilo Bernado aliloniachia. Nikianza kutoa kimoja, kesho linabaki gamba."

"Sitaki taa, Mama Dorotea. Nataka feni. Yetu panga lake limepasuka."

Hapo akaacha dagaa.

"Inalia kra-kra?"

"Ndiyo."

Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Yetu nayo ililiaga hivyo hivyo. Tulikuwa tunatoka Majita na Dorotea, ana surua, ana miezi kumi na moja. Bernado akasema tutafika tu. Panga likakatika, likaingia kwenye rejeta. Tulikaa njiani tangu asubuhi mpaka saa tisa, akanifia mapajani." Aliyasema bila kulia. "Ndiyo Bernado akavuka kwa magendo mpaka Kisumu kutafuta feni mpya. Ni hiyo iliyomo. Aliifunga mwenyewe, halafu hakulipendaga tena hilo gari."

Nilitaka kuomba radhi niondoke, na sikuondoka, kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka. Naona aibu mpaka leo kwamba nilisimama pale nikimngoja mfiwa aamue. Aliinuka, akaanza kufungua kamba za magunia.

"Mwite Magesa aje na spana," akasema. "Ila wewe, ukifika huko, mtoto wa kwanza utakayemchoma sindano, uje uniambie jina lake."

Saa nane tulikuwa barabarani, na chini ya boneti hakuna kilichogonga. Butiama tuliipita bila kusimama. Jioni nilipofungua kasha pale Buhemba, vipande vya barafu vilikuwa bado vinagongana. Nilipiga magoti mbele ya akina mama waliokuwa wamepanga foleni, nikamshukuru Mungu, kisha nikamshukuru Marieta kwa jina lake, kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu aliyemjua. Nikachoma sindano hadi chupa ya mwisho. Baada ya hapo tulizika mtoto mmoja tu, ambaye alikuwa ameugua kabla hatujafika.

Nimewashukuru watu wengi maishani, wengine kwa adabu tu. Yule nilikuwa namshukuru hata usingizini. Jumamosi nikaomba lifti hadi Musoma, nikamkuta jikoni kwake, nikamshika mikono yote miwili.

"Ni nani?" akaniuliza.

"Anaitwa Mwikwabe. Ana miezi kumi. Alinipiga teke, akalia mpaka machimbo yote yakasikia."

Marieta akacheka, na machozi yakamtoka humo humo.

"Alie tu," akasema. "Alie sana."