Pua ya Mjomba

Mimi napenda wiski yenye moshi. Kwetu hilo ni jambo la kuchekwa, kwa sababu Mjomba, ambaye ndiye mwonjaji mkuu wa kiwanda tunachofanyia kazi sote wawili, huiita jivu. "Mleteeni mpwa wangu jivu lake," husema mbele ya wageni, na wageni hucheka hata kama hawajawahi kuionja. Yeye hupenda zile tamutamu, zilizolala kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo. Mkaza mjomba hataki kusikia habari za wiski kabisa. Yeye ni brandi kwa maji ya moto, asali kijiko kimoja, na miguu juu ya kigoda. Mkurugenzi wetu, anayelipwa mshahara mnono ili auze wiski, hunywa jin na barafu nyingi mpaka sijui kama anakunywa au anatafuna. Kila mtu na ulimi wake. Lakini ulimi wa Mjomba, au tuseme pua yake, ulikuwa sheria. Pombe aliyoikataa yeye haikutoka getini.

Chumba chetu cha kuonjea kina meza moja nyeupe, viti viwili vinavyotazamana, na ndoo ya kutemea. Hapaingii manukato wala sabuni ya kunukia. Mjomba ndiye aliyeniingiza kazini, akanifundisha kuzungusha glasi, kuinusa huku nimefumbua mdomo kidogo, kutofautisha pipa zima na pipa lililoanza kuoza. Utaratibu wake ulikuwa huu: mdogo hunusa kwanza, bila kusema neno, halafu mkubwa hunusa na kutoa hukumu. "Ukinisikia kwanza utaniiga," aliniambia. Nikaona ananiheshimu. Nilikuwa nanusa, nanyamaza, kisha namsikiliza akisema yaleyale niliyokuwa nayo moyoni, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Nikitoka hapo najisifu kimoyomoyo kwamba nimerithi pua ya mjomba wangu.

Basi kiwanda kikaamua kufungua tawi la pili, na tawi hilo lilihitaji mwonjaji mkuu wake. Nafasi hiyo niliitaka mpaka usingizi ukawa wa kubahatisha. Nafasi kama hiyo iliwahi kutokea miaka ya nyuma, Mjomba akaulizwa, akasema sijawa tayari. Nililia nyuma ya mapipa, nikanawa uso, nikarudi mezani. Safari hii nilijiambia hana sababu. Ijumaa wakubwa walikaa kikao na yeye akiwemo, na Jumapili akanialika chakula cha mchana nyumbani kwake. Nani asingeelewa? Nilivaa gauni langu zuri.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Kaa, kaa. Leo nimekuheshimu, nakufungulia jivu lako."

Akachukua chupa iliyokuwa kwenye rafu ya sebuleni, yenye nembo ya ile wiski ya moshi ninayoipenda kuliko zote, akamimina glasi mbili. Rangi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nzuri. Tulikaa kama kazini, yeye huku na mimi kule. Nikainua glasi puani.

Keki. Ilinukia keki tupu. Nikaelewa papo hapo: mkaza mjomba huoka keki za kuuza, na vanila yake huitengeneza mwenyewe, hupasua maganda ya vanila na kuyaloweka kwenye pombe kali ya bei rahisi, ndani ya chupa kuukuu za wiski. Ikikaa miezi huwa na rangi hiyohiyo. Mtu yeyote mwenye tundu za pua, hata mtoto wa chekechea, angejua. Nikadhani Mjomba ananifanyia mzaha, kicheko kikanipanda, nikatabasamu nikingoja na yeye aangue kicheko.

Hakucheka. Alikuwa ameinusa yake kwa utulivu wote, amepiga funda, macho yake yako usoni kwangu.

"Umeiona, eeh?" alisema. "Moshi wa kukomaa huo. Moshi wa mtu mzima."

Tabasamu likanikauka.

"Ila," akaongeza haraka, "mwishoni ina kitu kidogo. Kizibo, labda."

Sijui nani aliniambia nifanye nilichokifanya. Nilikunja uso, nikakunja pua kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Hapana, hii imeharibika," Mjomba alisema, akaiweka glasi mezani. "Pipa lilipata unyevu. Wewe hujaona?"

Nikatabasamu tena, taratibu, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyependezwa baada ya kusita.

Akaichukua tena. "Lakini ukiipa nafasi, inafunguka. Si mbaya. Si mbaya hata kidogo."

Mama yangu alizoea kusema kwamba mimi siwezi kuficha hata homa, kila kilichomo tumboni kinasomeka usoni. Na pale mbele yangu alikuwa mtu anayekisoma, neno kwa neno. Hakuwa ananusa. Alikuwa ananisoma mimi.

Mkaza mjomba akatokea jikoni na sinia. "Ni kuku wa kukaanga na wali!" alitangaza tangu mlangoni, kama kawaida yake. Miaka yote nilidhani anajivunia mapishi. Akaiona chupa mezani, akaziona glasi, akasimama.

"Nani kafungua…" alianza. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, na hapo nikajua kwamba anajua.

"Mjomba," nilisema, "unakunywa vanila ya keki."

Aliitazama glasi kana kwamba imemtukana. Mkaza mjomba aliweka sinia chini ya meza badala ya juu, hakuona alichofanya.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu ile homa," mkaza mjomba alijibu kwa niaba yake. "Ile iliyomlaza mwezi mzima. Aliamka pua imekwenda. Siku moja alikula nyama iliyochacha, mwanangu, akaimaliza, akaomba nyingine. Ndiyo nikajua, nikaanza kumtangazia chakula tangu mlangoni ili wageni wasigundue."

Ile homa. Nilihesabu kichwani. Homa ilikuja kwanza, kisha ikaja ile nafasi ya mwanzo, na yeye akasema sijawa tayari. Kwa ulimi alikuwa bado anajua tamu, chungu na ukali wa pombe. Historia ya kila pipa aliijua, limetoka wapi, limekaa muda gani, kwa hiyo maneno hayakumpungukia. Alichokosa ni kujua kama ndani kuna uzima au uozo, na hilo alikuwa akilichuma usoni kwangu kila asubuhi, huku mimi nikijiona mwanafunzi.

"Ijumaa uliwaambia nini?"

Akatazama dirishani.

"Mjomba. Ijumaa, kikaoni, uliwaambia nini kuhusu mimi?"

"Niliwaambia bado."

"Bado nini?"

"Bado hujawa tayari." Alisema polepole, halafu akageuka, na machoni pake hapakuwa na aibu niliyoitegemea. Palikuwa na hofu. "Ulitaka niseme nini? Ukienda kule, mimi nitanusa na nini?"

Nimewahi kutukanwa na watu wanaojua kutukana. Hakuna tusi lililowahi kunipiga kama swali lile. Alinilea baada ya baba yangu kufa, huyu mtu. Alinishika mkono siku ya kwanza kuingia kiwandani. Na sasa alikuwa ananiuliza, kwa dhati kabisa, kama mtu aliyeombwa amkabidhi mwenzake miwani yake. Niliinuka, kiti kikaanguka nyuma yangu, sikukiokota.

"Kesho Mkurugenzi anakuja kuidhinisha ule mchanganyiko mpya," nilisema. "Mwambie mwenyewe. Usipomwambia, nitaingia na barakoa."

"Utaniaibisha mbele za watu?"

"Nitakuwa na mafua tu, Mjomba. Watu huugua."

Alinielewa. Sheria ya chumba chetu, aliyoiweka yeye mwenyewe, ni kwamba mwenye mafua huziba pua na mdomo na haonji siku hiyo. Mkaza mjomba alinisindikiza hadi getini analia. Nilikuwa na hasira naye pia. "Ungeniambia," nilimwambia. "Ningekuambia, mumeo angekula nini?" alijibu, kisha akajishika kinywa, ulimi umemteleza, maana mume alikuwa wake, si wangu. Katika siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini.

Asubuhi niliingia chumba cha kuonjea, barakoa imenifunika mpaka chini ya macho. Mjomba alikuwa ameshakaa, koti jeupe limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Aliponiona, mabega yake yalishuka. Mkurugenzi aliingia kwa kelele zake, anapiga watu mabega, akavuta kiti cha tatu.

"Bibie, una mafua?"

"Kidogo, Mkurugenzi."

"Pole. Basi leo Mzee peke yake. Na ndivyo inavyotakiwa, au sio? Mzee, tupe neno. Mapipa yote yale yanakusubiri wewe."

Mjomba aliinua glasi. Aliizungusha vizuri, kama mwalimu, na akainusa. Halafu akanitazama. Alikuta kitambaa tu. Alitafuta macho yangu, nikayashusha mezani. Akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo, akanitazama tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilitegemea kufurahi wakati huo. Sikufurahi. Nilitaka kuing'oa ile barakoa, na nilitaka kuishikilia mpaka ashindwe, na vyote viwili nilivitaka kwa nguvu ileile.

"Mkurugenzi," Mjomba alisema, "mimi sisikii harufu yoyote."

Mkurugenzi alipiga meza. "Nilijua! Niliwaambia wale vijana wa mapipa wameharakisha! Haina harufu kabisa?"

"Hapana, sikiliza…"

"Mzee akisema haina harufu, haina harufu." Tayari alikuwa ametoa simu. "Halo? Ule mchanganyiko urudishwe wote. Ndiyo, wote! Mzee kaukataa. Tena kwa neno moja."

Nilibaki mdomo wazi nyuma ya barakoa. Mtu amesema ukweli wake mzito kuliko wote, na sifa zake zenyewe zimeumeza. Niliona Mjomba akiuona ule mlango wa kutokea, uko wazi, amewekewa hata zulia. Angenyamaza tu. Nani angejua? Pombe ingerudi mapipani, yeye angeitwa mkali, na mimi kesho ningepona mafua.

"Kata simu," Mjomba alisema.

"Mzee, usijali, nimeshawa…"

"Kata simu!" Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake. Mkurugenzi alikata. "Pombe haina kosa. Pua yangu ndiyo imekufa. Imekufa tangu ile homa. Ukiniletea wiski na ukiniletea maji ya betri, zote kwangu ni baridi ya glasi."

Mkurugenzi alitaka kucheka, akaona hakuna wa kucheka naye. "Lakini… miaka yote hii… tuzo zile tulizoshinda… nani alikuwa ananusa?"

Mjomba alinyoosha kidole upande wangu.

Nilivua barakoa. Sikumwangalia yeyote. Nilivuta glasi ya Mjomba, nikanusa, na ilikuwa nzuri, nzuri ajabu, tunda lililoiva, mbao safi, na kwa mbali sana moshi. "Ipite," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoa hukumu kwenye meza ile, na sauti ilinitoka kubwa kuliko chumba. Mkurugenzi alipiga simu tena, safari hii kwa unyonge, akaagiza mapipa yaachwe yalipo. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Na Ijumaa? Ulituambia mpwa wako hajawa tayari. Tulikuamini. Tulitaka kutafuta mtu wa nje."

"Yuko tayari siku nyingi," Mjomba alisema. "Alikuwa tayari hata ile mara ya kwanza. Nilikuwa naizuia pua yangu isihame."

Niliuma meno. Kuyasikia yakisemwa mbele ya mtu mwingine kuliniumiza kuliko Jumapili. Jana yalikuwa ya nyumbani, leo yalikuwa kweli. Mkurugenzi alijikuna kichwa kwa muda mrefu. Alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

"Bibie," alisema, "lile tawi. Utakwenda?"

Nilifikiri juu ya nyumba ya Mjomba, juu ya mkaza mjomba anayetangaza chakula mlangoni, juu ya kile kiti cha pili ambacho mtu mwingine yeyote angekikalia kwa uso usiosema lolote. Nilifikiri juu ya kulia kwangu nyuma ya mapipa. Sikuwa nimefungua mdomo.

Mjomba alinitazama usoni, kwa mazoea, mara moja tu, na jibu akalisoma. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake.