Picha Iliyokataa Kutulia

Mtaani hawakumwita jina lake. Walimwita Usipepese, maana hiyo ndiyo amri aliyompa kila aliyeketi mbele ya kamera yake, awe bwana harusi au mtoto wa shule. Na picha zake zilikuwa kali hasa; ukiitazama ya shangazi yako ungeweza kumhesabia kope. Basi ajabu ilikuwa hii: mtu aliyepiga picha nusu ya mtaa alikuwa na binti mchanga nyumbani, mtoto wa kwanza, tena wa kungojewa, na hakuwa na picha yake hata moja ya kutazamika.

Aliyeitaka picha hiyo ni baba mzazi wa Usipepese. Mzee alikuwa kinyozi, kinyozi wa kusifiwa, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Siku alipomkwaruza mteja sikio aliufunga wembe ndani ya kitambaa, akautia kabatini, asiutoe tena. Sasa aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanawe, na tangu mjukuu azaliwe hakukubali kumpakata. Mkamwana wake alimsihi mpaka akachoka. Mzee alijibu kwamba mikono iliyoshindwa na wembe haiwezi kukabidhiwa mtoto. Wampe picha tu aitundike ukutani, tena mtoto awe amefumbua macho. Aliyelala anamwona kila siku akichungulia mlangoni.

Kazi ndogo, alidhani Usipepese. Lakini mganga hajigangi. Taa ya kamera ilipigwa marufuku na mkewe siku ileile: macho ya mtoto si ya kurushiwa radi. Ikabidi atumie mwanga wa dirishani, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Akasogeza kitanda mpaka dirishani. Akafungua pazia zito, akaacha lile jepesi ili jua lisimpige mtoto usoni. Akazima balbu, kwa sababu umanjano wake uligombana na weupe wa nje na kumfanya mtoto aonekane mgonjwa wa nyongo. Upande wa kivulini akatundika shuka jeupe kwenye kamba, lirudishe mwanga kwenye shavu la pili. Chumba kikageuka duka la vitambaa, na mkewe akauliza kwa upole yeye sasa atalala wapi.

Mwanga ulikuwa mzuri, hilo hata asiyejua kitu angelikubali. Ila picha zilipofunguliwa kwenye kompyuta, zote zilikuwa zimecheza. Sikio la mtoto lilionekana mpaka vinyweleo vyake. Macho, ukungu mtupu. Ukiwa karibu vile, kamera ikisogea upana wa kidole tu, ukali unahama jichoni na kukimbilia sikioni.

Kwanza alimlaumu mtoto, maana mtoto wa miezi mitatu hana breki. Akangoja alale, akapiga tena. Ukungu. Aliyelala harushi kichwa, kwa hiyo mtoto akaachiwa huru. Akailaumu kamera. Akaifunga kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akampiga mtoto yuleyule katika usingizi uleule, na picha ikatoka safi, ila macho yamefumbwa, na mtoto aliye macho stendi haiwezi kumfuata. Kamera nayo ikaachiwa huru. Mshtakiwa aliyebaki alikuwa mmoja, yule aliyekuwa ameishika.

Hapo Usipepese aliogopa kweli. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaitazama mikono yake. Studioni, taa ya kamera humulika na kuzimika kabla hujajua kama imewaka, na mwanga wa ghafla namna hiyo huficha mkono unaotetemeka. Pengine maradhi ya baba yalikwisha kumwingia zamani, na taa ndiyo iliyokuwa ikimsitiri mbele za watu. Kama ni hivyo, kazi imekwisha, na wembe kabatini utapata mwenzake. Mficha maradhi kilio humfichua. Alilijua hilo, na bado hakumwambia mkewe neno.

Ila alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kutaka kujua, na huo ulikuwa mkubwa kuliko hofu. Asubuhi akamimina chai mpaka ukingoni mwa kikombe, akatembea nayo kutoka jikoni hadi sebuleni. Haikumwagika hata tone. Akarudi nayo kwa mkono wa kushoto. Haikumwagika. Mkewe, aliyekuwa akimpaka mtoto mafuta, alimwona akipita na kurudi na chai asiyoinywa, akaendelea kupaka, maana ndoa ina mengi. Kisha Usipepese akakiweka kikombe kitandani, palepale anapolazwa mtoto, akakipiga picha bila stendi. Kali! Hata ufa mwembamba wa ukingoni ulionekana. Akamlaza mtoto mahali pa kikombe, akapiga. Ukungu. Akarudisha kikombe. Kali. Mtoto tena. Ukungu.

Sasa mikono gani hii inayotofautisha kikombe na mtoto? Alicheka peke yake. Alijua jicho lake mwenyewe halitaweza kumwonyesha jibu. Akamwita mkewe.

"Simama nyuma yangu," alimwambia. "Nitazame mikono. Uniambie ukweli, usinihurumie."

Kwa jinsi sauti ilivyotoka, mke alielewa chai ile ilikuwa ya nini. Akaweka chupa ya mafuta chini. Mzee naye, aliyesikia neno mikono kutoka chumbani kwake, alikuja akasimama kizingitini.

Usipepese akapiga. Akapiga tena. Nyuma yake akasikia kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo.

"Mume wangu, mikono imetulia tuli," mkewe alisema. "Ni wewe mzima unayebembea."

Akamwonyesha: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, magoti yakilegea kidogo, kama aliyembeba mtoto begani akimtafutia usingizi. Akaeleza kwamba mumewe anafanya hivyo tangu mtoto azaliwe, kila akimtazama, awe amembeba au hakumbeba. Juzi dukani aliubembeleza mfuko wa unga kwenye foleni, na watu wakampisha.

Usipepese hakuamini. Akaegemea ukuta, mgongo na visigino, akakaza magoti, akainua kamera. Magoti yalitaka kwenda zao. Kuyazuia ilikuwa kazi. Na mtoto, aliyezoea kuufuata uso wa baba yake huku na huko, alipoona hauendi popote akatulia naye. Akaitazama kamera kana kwamba anauliza kulikoni. Usipepese akabonyeza.

Alipoikuza picha, dirisha zima lilikuwa ndani ya jicho la mtoto, na kando ya dirisha kijitu kimeegemea ukuta. Akalia, wala hakujificha. Akawaeleza wote wawili alichokuwa akikiogopa.

Picha ilipochapishwa, Mzee aliipokea, ikacheza mikononi mwake hata asiweze kuiona. Akairudisha, akasema itundikwe. Mwanawe hakuipokea. Alikuwa akiitazama ile mikono kwa mara ya kwanza bila hofu, jinsi inavyokwenda kidogokidogo, kwa mwendo mmoja, bila kupumzika. Akamketisha baba yake kitandani karibu na dirisha, akamchukua mtoto.

"Nitamtikisa," Mzee alisema.

"Baba, mtoto huyu hajapata kubebwa na mtu aliyetulia."

Akamlaza mapajani mwa babu yake, mikono ya kinyozi ikampokea chini ya kichwa, ikaendelea kutetemeka kama kawaida yake. Mtoto akamkodolea macho babu yake kwa muda mrefu. Kisha kope zikaanza kuwa nzito. Mzee alipotaka kumrudisha, mkamwana wake akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe kumwashiria: aache kwanza, ndiyo amelala.

Usipepese akainua kamera awapige wote wawili. Magoti yalikuwa yameshaanza tena, akayaacha.