Dakika Mbili za Eulalia

Serikali ilipozuia fedha za kuwafundishia Kiingereza watoto wa wahamiaji, bodi ya shule mjini kwetu, jimboni Minnesota, Marekani, ilitaka kufunga darasa lao. Eulalia Tzoc, mkata nyama kiwandani, alikwenda mkutanoni akashika maikrofoni.

“Mama, subiri mkalimani,” mwenyekiti alimwambia.

“Mkalimani mlishamwachisha kazi. Nitasema Kiingereza changu hiki hiki kibovu, na mtanisikiliza.”

Alieleza jinsi mwanawe alivyokaa mwaka mzima bila kufungua mdomo, mpaka siku alipoinua mkono katika darasa lile na kuomba maji.

“Dakika zako mbili zimeisha,” mwenyekiti alisema.

Mama mmoja aliinuka. “Chukua zangu, dada.”

“Na zangu,” nikasema.

Tulikuwa wazazi thelathini, kila mmoja na dakika zake mbili, na zote tukampa. Eulalia alizungumza saa nzima, na bodi ikapiga kura darasa libaki.