Pale Aliposimama Mwenye Saa

Siku ile mjinga alikuwa Mageni, na hilo halina mjadala. Juu ya kilima kile palikuwa na askari thelathini na wawili, mbuzi mmoja waliyemkuta kafungwa mgombani, na ofisa mmoja mwenye nyota moja begani. Mbuzi alimzidi ofisa akili. Mageni mwenyewe hulisema hili dukani kwake Katoro, na wachimbaji wanaokuja kununua kamba na tochi za kichwani hucheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani mzee anatania. Anatania kweli. Ila hajawahi kuwaeleza kwa nini mbuzi alimzidi. Aliyestahili kuelezwa alikuwa mtu mmoja tu, Martina wa Ibadakuli, mjane wa Ngusa. Huyo, Mageni alimpigia simu, alimtumia salamu, walitupiana utani wa shemeji kila sikukuu. Lakini kukaa naye uso kwa uso juu ya jambo lile, alikwepa miaka arobaini na sita kwa ustadi wa mkimbiaji.

Maana mkimbiaji alikuwa. Kabla ya vita vya Kagera, mita elfu kumi mkoani Shinyanga zilikuwa mali yake, miaka mitatu mfululizo. Nyuma yake, wakipishana kifua tu, alimaliza kila mara Ngusa wa Bugarama, aliyekimbia pekupeku na kucheka akishindwa. Vita vilipozuka, wote wawili wakajiandikisha siku moja. Mageni alikuwa na cheti cha kidato cha nne na jina lililowahi kutoka gazetini, basi akapelekwa kozi ya uofisa, ambayo kwa haraka ya vita ilipakuliwa kabla haijaiva. Akatoka Luteni Usu. Ngusa, wa darasa la saba, akawa koplo chini yake.

"Hata huku wa pili," Ngusa alisema, akampigia saluti meno yote nje.

Mageni alirudi. Ngusa hakurudi.

Sasa juzi Jumamosi simu ikalia dukani. Alikuwa Vumilia, mjukuu wa Ngusa, binti wa miaka kumi na tisa mwenye miguu mirefu kama ya korongo.

"Shikamoo babu! Nimechaguliwa! Timu ya riadha ya jeshi. Naripoti Jumanne. Nitakuwa kama wewe, babu. Mkimbiaji, halafu ofisa!"

"Marahaba," akasema Mageni. Akakata simu.

Alfajiri ya Jumapili alikuwa ndani ya basi. Ushirombo, Kahama, Shinyanga; na njia nzima redio ya dereva inasimulia vita vya Kongo kana kwamba inatangaza mpira.

Alimkuta Martina uani, kwenye kigoda, kitambaa cha kanisani bado kichwani, anakata viazi vitamu vya michembe na kuvianika juu ya jiwe.

"Kazi siku ya Bwana, shemeji?" Mageni akaanza. "Mchungaji anajua?"

"Mchungaji anakula michembe. Kaa. Kisu hicho hapo. Anayekuja bila sukari anakata viazi."

Mageni akakaa, magoti yakilia kama bawaba. Akakata kiazi kimoja. Akakata cha pili.

"Unakata vipande vinene," Martina akasema. "Hivyo vitakauka Krismasi. Sema kilichokuleta, maana wewe hukuja hata nilipovunjika mkono."

"Vumilia. Asiende."

Kisu cha Martina hakikusimama. "Sanduku nimeshalifunga."

"Lifungue. Shemeji, kuna vita Kongo hapo, husikii redio? Mtoto anadhani anakwenda kukimbia tu. Na sisi tulidhani hivyo hivyo."

"Na huku je? Unajua mbio zilimtoa wapi? Bugarama, mwaloni wanakosaga na kuosha dhahabu, anaponda mawe ya watu, vumbi linamjaa kifuani, jioni anakohoa kama bibi kizee. Miguu yake ndiyo iliyomtoa pale. Wewe unataka nimrudishe."

"Sijasema arudi mwaloni. Nasema abaki."

"Abaki afanye nini? Auze tochi?"

Mageni alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. Akaweka kisu chini. Alijua kwamba hana hoja nyingine isipokuwa ile moja, na kwamba akiitoa huenda utani wa shemeji ukaishia kwenye jiwe hilo la michembe.

"Nikwambie Ngusa alivyokufa."

"Niliandikiwa. Alikufa akitekeleza amri."

"Barua niliiandika mimi."

Hapo kisu kikasimama.

Akamweleza. Redio ya kikosi ilikuwa imekufa betri. Bondeni, kilomita nne mbele, wenzao walikuwa wanajiandaa kuvuka mto, na ng'ambo ya mto adui alikuwa amewategea. Lazima mtu akimbie kuwaambia wasivuke. Njia ilikuwa moja, barabara nyeupe isiyo na hata kichaka. Meja alikuwa ameagiza asubuhi ile, tena kwa maneno machache: mjumbe akifika bondeni, abaki huko huko mpaka giza liingie, ndipo arudi. Adui ataamshwa na mbio za kwanza. Za pili atakuwa anazisubiri.

"Sasa mimi," Mageni akasema, "nilikuwa na saa ya mbio shingoni. Zawadi ya ubingwa. Niliivaa vitani kama hirizi. Nikamwita Ngusa, nikampa ujumbe, akavua mabuti yake. Nikaona anavyonyoosha vidole vya miguu, mwili ukanisisimka kama tuko uwanjani. Nikamwambia, 'Koplo, nakuhesabia.' Nikabonyeza saa. Akaruka."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo hiyo. Sikusema kingine."

"Agizo la meja?"

"Nilikuwa naangalia saa."

Ndege ilipita juu ikienda kutua, kuku wakatawanyika. Martina alingoja kelele ziishe.

"Alifika, shemeji. Wale hawakuvuka, wengine wako hai mpaka leo, wana wajukuu. Kapteni wao aliniambia baadaye kwamba alimshika mkono, akamwambia apumzike. Ngusa akajibu, 'Luteni ananihesabia.' Akageuka. Wewe hujui mbio, lakini mkimbiaji yeyote anajua, mwisho wa mbio ni pale aliposimama mwenye saa. Na mwenye saa nilikuwa mimi, juu ya kilima. Nilimwona akija, mchana kweupe, anacheka, mikono ameanza kuinyanyua. Walimpiga akiwa mbali na mimi kama kutoka hapa mpaka kisima kile. Alipoanguka, kidole changu kikabonyeza. Chenyewe. Dakika ishirini na sita na sekunde tisa."

Martina alifuta kisu kwenye upindo wa kanga, upande mmoja, kisha wa pili.

"Kwa barabara ile," akauliza, "wewe ungekimbia dakika ngapi?"

Hilo Mageni hakulitegemea. Angeweza kudanganya. "Ishirini na nane. Siku yangu nzuri."

"Kwa hiyo alikushinda."

"Alinishinda."

"Na hukumwandikia mtu yeyote hilo."

"Hapana."

"Baba yake Vumilia nilimlea kwa barua ile. Alikuwa bado ananyonya ilipokuja. Akiuliza baba yuko wapi, namsomea: akitekeleza amri. Akikataa shule, namsomea. Kumbe amri yenyewe ilikuwa abaki."

"Ilikuwa abaki."

"Na wewe ulikuwa unaangalia saa."

"Nisamehe, Martina." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tupu, bila shemeji.

"Hilo niulize siku nyingine. Leo nina viazi."

Akachukua kiazi, akakikata vipande vyembamba vya kuonyesha mwanga. Mageni akamtazama, akaona kwamba hatalia mbele yake, hatamfukuza, wala hatambembeleza. Ingekuwa nafuu angemrushia kisu. Na sanduku lilionekana mlangoni, jekundu, limefungwa kamba ya katani mara mbili.

Basi akafanya anachofanya mtu aliyezoea kushinda: akaongeza kasi. Akasema asisamehewe, sawa, asisamehewe hata kaburini, lakini mtoto asiponzwe. Akasema yeye Mageni atamlipia Vumilia chuo, atamfungulia duka, atamtafutia timu ya raia isiyojua bunduki. Akasema jeshini atakutana na Mageni mwingine, kijana mwenye nyota moja na saa shingoni, asiyejua lini afumbue mdomo. Sauti ilimpanda mpaka jirani akachungulia juu ya ua wa minyaa.

"Wewe ndiye bibi yake! Wewe atakusikia! Neno moja tu, Martina, mwambie abaki!"

"Neno hilo, Luteni," Martina akasema bila kuinua macho, "lingekutoka siku ile, leo ungekuwa unabishana na Ngusa, si na mimi."