Kofia ya Ukindu ya Kilelemba

Siku ambayo nafasi ya Ngwali kwenye kamba ilibaki wazi, nchi nzima ya Kilelemba ilikuwa imevaa nguo za sikukuu, kwa maana Kiti kilikuwa kinahamishwa tena. Kilelemba ni nchi iliyojibandika ubavuni mwa mlima mmoja mkali, nyumba zake zimepandana kama vyombo visivyooshwa, na wakubwa wake, waitwao Wakalizi, hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kukaa. Mkalizi Mkuu alikalia Kiti cha jiwe kikubwa kama ghala, na kila mwaka, alipohisi kwamba pumzi za raia zinamfikia, aliamuru kisogezwe juu zaidi huku mwenyewe amekikalia, kwa sababu ilikubalika kwamba Mkalizi Mkuu akisimama mbele za watu, nchi itaanguka.

Waliokivuta walikuwa kikosi cha kamba, na ndani yake walikuwamo Mwatima na mumewe Ngwali. Kikosi kilikuwa na kofia moja ya ukindu, iliyolainishwa na jasho la vichwa vingi, na aliyeivaa ndiye aliyeimbisha. Lakini hakuna aliyekaa nayo. Penye mawe iliimbisha sauti ya Ngwali, penye kona sauti ya mwenzao Faki, na penye mteremko, ambako kazi si kuvuta bali kuachia polepole, ya Mwatima. Njia ilipobadilika, mwenye kofia aliivua bila kuombwa akampa anayeifaa njia hiyo, wimbo ukageuka, wanene wakarudi nyuma, wepesi wakapanda mbele, na kamba isilegee hata kidogo. Mtu wa kando angedhani ni vurugu.

Wakalizi walidhani hivyo hasa. Mpwa wa Mkalizi Mkuu, bwana mmoja aitwaye Lukumba, aliyesomea Utulivu nchi za mbali, aliona aibu kofia kuzunguka kama kata ya maji msibani. Ikapitishwa sheria: kofia ni ya Lukumba, wala haivuliwi, kila mtu atashika mahali pake bila kuondoka, na wimbo utakuwa mmoja, "Vuta Juu", kwa kuwa ndio ulioimbwa siku Wakalizi walipokuja kutazama.

Siku ile ya sikukuu mawe yaliisha ghafla, ukaanza udongo mwekundu uliolowa mvua.

"Bwana Lukumba, hapa ni utelezi!" Ngwali akapaza sauti. Alikuwa nyuma karibu na Kiti, mahali ambapo penye utelezi desturi haimweki mtu. "Tusimame, tubadilishane!"

"Kofia ni yako?"

"Si yangu, lakini bwana—"

"Basi vuta juu."

Kiti kiliteleza hatua chache tu, kisha kikatulia. Jioni mbiu ililia kutangaza kwamba joho la Mtukufu Mkalizi Mkuu limeingia doa la kahawa.

Baada ya maziko ya Ngwali kikosi kilifunga fundo kwenye kamba pale alipokuwa akishika, na hakuna aliyeligusa. Lukumba akaja kulitazama.

"Pengo halivuti," alisema.

"Livute lisivute, litakaa hapo," Mwatima akajibu.

"Ah, bwana mkubwa," Faki akaingilia, "katika kikosi kizima, hilo peke yake halijawahi kukupinga. Likupe nini tena?"

Wengine walikohoa ili wasicheke. Lukumba hakucheka. Akaahidi kwamba Kiti kikifika kileleni fundo litakatwa, mahali pale pashikwe na mtu mwingine, na jina la Ngwali lisitajwe tena kazini. Tangu hapo kila hatua waliyopanda, Mwatima aliihesabu moyoni.

Kiti kikafika kileleni. Kileleni kulikuwa na upepo tu. Maji hayakuwapo, wala watu wa kutazamwa kutoka juu, maana mawingu yaliwafunika. Kabla kisu hakijafika kwenye fundo, Mkalizi Mkuu alikuwa anatetemeka meno.

"Nishusheni!"

Lukumba akaimba wimbo aliokuwa nao. Kikosi, kila mtu mahali pake kama sheria ilivyotaka, kikavuta juu. Kiti kikasogea hadi ukingo wa upande wa pili, na miguu ya Mtukufu ikaning'inia hewani.

"Basi! Basi!" akapiga kelele. "Wewe mama, si ndiwe uliyekuwa ukiimbisha mteremkoni? Imbisha!"

Mwatima alimtazama Lukumba, aliyeishika kofia kwa mikono miwili ili upepo usimvunjishe sheria.

"Kofia si yangu, Mtukufu."

Alisema hivyo kwa upole, na hata Faki aliyesimama ubavuni mwake hakuweza kujua kama ule ulikuwa utii au kitu kingine. Walingoja amri ya kofia kuvuliwa hadi jua likazama. Haikuja. Mkalizi Mkuu angeweza kusimama ashuke kwa miguu yake, lakini nchi ingeanguka. Wakaikunja kamba, wakaenda nyumbani.

Chakula hupelekwa juu kila siku, nacho hupungua njiani. Lukumba yuko huko huko na kofia yake. Bondeni kikosi kimesuka nyingine, na tangu asubuhi imeshapita vichwa vinne, kwa sababu wanavuta magogo ya daraja na ukingo wa mto una tope na mawe. Fundo liko nyuma, mahali pake. Hakuna anayelishika.