Mkono Uliofungua Shimo

Limijwa alipofunua majani na kutia mkono shimoni, alijua kabla hajanusa. Bwiro, mashelisheli yaliyokandwa na kuchachushwa, ikikaa ardhini miezi saba hutoka nzito, inashikana kama udongo wa mfinyanzi. Hii ilimponyoka vidoleni, maji matupu. Juu imefanya ukungu.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza wanawake wa kisiwani walicheka, ya pili wakasema ana mkono mchungu. Na mwaka huu hapakuwa na pa kujificha: kesho mwanawe wa kwanza anatimiza mwaka, kisiwa kizima kitakuja kula, na bwiro ya mama mzazi ndiyo huonjwa kwanza.

Alikosea wapi? Mashelisheli aliyaparuza mwenyewe kwa kauri, akayalaza siku mbili baharini, akayakanda, akatandika majani yasiyo na tundu hata moja, akagandamiza kwa mawe.

Ndipo akayaangalia yale majani. Ya chini yalikuwa meusi. Ya juu mabichi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Limijwa kilikuwa barazani kinasuka mkeka. Hakumwamkia mama mkwe wake, Neimat. Alimshika mkono akaunusa. Harufu ya shimo haisikii sabuni wala ndimu. Ikikushika, ni wiki nzima.

"Mama, umefungua shimo langu."

"Nimechungulia tu, nikabadilisha majani. Mtu anakusaidia, wewe unakuja kumnusa kama mbwa?"

"Wiki hii ya mvua?"

"Nilifunika vizuri."

"Na mwaka jana? Na mwaka juzi?"

Neimat alipitisha ukili mmoja, halafu mwingine. "Ulikuwa mgeni wa kazi. Nani angekuacha uharibu chakula peke yako?"

Miaka mitatu ya kuchekwa, kumbe kwa ajili ya kuchungulia. Limijwa alitamani kuunyakua ule mkeka autupe baharini.

"Basi kesho utawaambia watu. Wote. Sitaki kingine, mama."

Neimat akainua nyusi: ndiyo.

Kesho yake, bwiro iliyookolewa ikaungwa tui, ikaokwa, ikaonjwa. Nyuso zikakunjamana. Neimat akasimama mwenyewe, bila kusukumwa.

"Msimlaumu mkwe wangu. Shimo nimeliharibu mimi. Miaka yote mitatu, ni mimi."

Mke wa mchungaji akajifuta machozi. "Mnamwona mama huyu? Anajitwika aibu ya mkwewe. Wako wapi siku hizi wakwe wa namna hii?"

"Si hivyo," Neimat akasema. "Nasema kweli."

"Tunajua, mama, tunajua," wakamjibu, wakimpapasa mgongo.

Limijwa akashindwa kuvumilia. "Anasema kweli. Ni yeye aliyelifungua."

Wanawake wakamgeukia, wakamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Na hata shukrani hana," mmoja akasema, akamsogezea Neimat kiti.