Kamba ya Mama Triza

...na mimi nimeshika pakiti ya maziwa mkononi kama mtoto wa nasari, Gichuru nyapara ametugawia asubuhi hii, moja moja, "Kunyweni wazee, maziwa inaosha kifua, halafu mshuke," na mtaro uko hapo mbele yetu, umejaa dizeli ya kuchotwa tangu bomba la depo ya mafuta lipasuke juzi, harufu imefika mpaka mtaa wa Kaloleni, na sisi vibarua kumi na mmoja tunaangalia viatu vyetu kwa sababu Mama Triza amekalia pipa na kusema hashuki mtu... "Gichuru, maziwa ni ya chai. Leta gambuti, glavu na maski kwanza." Wala hakupaza sauti, naye ni kibarua kama sisi, hakuna aliyempa cheo, na Gichuru anacheka, ati mtaani Huruma watu wamejaa, akipiga mluzi watakuja hamsini, na ni kweli watakuja, ndiyo maana mguu wangu umeshasogea mbele kidogo, kazi hii naitaka, mke wangu Everline ana mimba ya miezi saba, nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini... lakini jana, jana nani alinivuta? Mama Triza alitufunga kamba kiunoni kila anayeshuka, kwa lazima, tukamcheka, mwenzetu Shitanda akalia mee kama mbuzi, nami nikacheka kuliko wote, mjinga mimi, kisha nikainama kuchota, kichwa kikawa chepesi, nikaanguka humo ndani, nikasikia kwa mbali Shitanda akipiga kelele namfuata, namfuata! na sauti ya Mama Triza, "Wee, rudi! Ukiingia mtalala wawili. Vuta kamba!" ...alijua, maana Patrobas mume wake alikuwa msafisha matangi, mwaka wa tisini na mbili aliruka kumfuata mwenzake, wakatolewa wote wawili wamekwisha, na mwanamke huyu, badala ya kuikimbia harufu hiyo maisha yake yote, amekuja na kamba, akanivuta mpaka viganja vyake vikachubuka, akaninawisha kwa sabuni shingo mpaka vidole, akampokonya Shitanda mafuta ya taa aliyotaka kunisugulia, "Hiyo inaingia kwa ngozi, baba"... Mungu wangu, mwanamke gani huyu, namheshimu, sioni haya kusema. "Nani anashuka? Wa kwanza namwandika mpaka mwisho wa mwezi," Gichuru anauliza, Shitanda anakohoa, Mama Triza hatuangalii wala hatuombi, viganja vyake vimefungwa kitambaa, vimetulia juu ya magoti, na ndipo naona, nikishuka mimi, wengine watanifuata, na atakayefukuzwa ni yeye, na yeye akishaenda, kesho mmoja akianguka humo tutaruka kumfuata mmoja baada ya mwingine, kwa mapenzi mema kabisa, mpaka tuishe... hapana. Gichuru bado anauliza nani, nani, na mimi bado nimesimama palepale, ila sishuki, sishuki leo, Everline atanuna, najua, na anune, nitakuwepo nyumbani kumwona akinuna.